Saa ya kengele inayolala usiku kucha

Siku ina sekunde 86,400. Katika hizo zote, saa ya kengele inahitajika hasa kwa dakika chache: pale inapolia, na pale unapofumbua macho gizani ukitaka kujua umebakiwa na muda gani kabla ya kuamka. Muda mwingine wote inahesabu tu. Nilipoamua kujitengenezea yangu, kwa mikrokontrola (chipu iliyo kompyuta ndogo nzima), kioo cha tarakimu na betri mbili za AA, nilijiwekea sharti hilo hilo: ilale kadiri inavyowezekana, isisahau kuhesabu, na asubuhi ilie bila kukosa. Betri zidumu miaka, si wiki.

Najua simu inaamsha. Lakini simu hailetwi kitandani peke yake, inakuja na kila kilichomo ndani yake, na kila usiku inataka chaji. Mimi nilitaka chombo kisicho na la kuniambia zaidi ya saa. Tena nilitaka chombo ninachokielewa chote, kuanzia waya wa betri mpaka mlio.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayoamua mengi. Mwaka una saa 8,760. Betri ya AA ya alkali, ikitumiwa polepole, hutoa mAh 2,000 hivi au zaidi kidogo, yaani mkondo wa miliampia moja kwa saa 2,000. Ukiunganisha mbili kwa kufuatana unapata volti 3, ila mAh zinabaki zile zile. Sasa chukua ubao wa majaribio kama Arduino Uno. Tuache kwamba wenyewe unataka volti 5. Hata pale usipofanya lolote la maana unakula karibu miliampia 50, kwa sababu ndani yake kuna chipu ya USB, taa ya kuonyesha kwamba umeme upo, na kirekebisha volti kinachokula hata kisipokuwa na mzigo. Gawanya 2,000 kwa 50: saa 40. Hazifiki siku mbili. Saketi inayokula mikroampia 30 (mikroampia ni sehemu ya elfu ya miliampia), kwa upande mwingine, inatumia mAh 263 kwa mwaka mzima. Betri zile zile zingepita miaka saba.

Kwa hiyo ubao wa majaribio ni wa kujifunzia na kujaribia programu. Saa yenyewe hujengwa kwa chipu tupu.

Chipu niliyochagua ni ATmega169PA. Si mpya, na zipo nyingine zinazotumia umeme kidogo zaidi, lakini hii ina mambo matatu yanayofaa kwa kazi hii. Inafanya kazi hata betri zikishuka hadi volti 1.8. Ina taima inayoweza kuendelea kuhesabu kwa kristali ya saa wakati sehemu nyingine zote zimelala. Na ina kiendeshi cha kioo cha LCD humo humo ndani. Kampuni ya Atmel ilipotaka kuionyesha chipu ya ukoo huu, iliiweka kwenye kibao kidogo kilichoitwa AVR Butterfly, chenye kioo, kitoa sauti cha piezo na betri ya mviringo ya kifungo. Kumbe umbo la saa lilikuwa limeshakaa mle.

Shida yake ni miguu: ipo 64, na kutoka mguu hadi mguu ni milimita 0.8. Kuichomea kwa mkono kunawezekana. Shika kwanza pembe mbili zinazotazamana, hakikisha kwa lenzi kwamba kila mguu umekaa kwenye njia yake, paka flaksi bila ubahili, kisha buruta ncha ya chuma yenye risasi kidogo upande mmoja mzima kwa mwendo mmoja. Flaksi ndiyo inayoipeleka risasi mahali pake. Asiyetaka kuhangaika na hayo anaweza kuanza na ATmega328P ya miguu 28 inayochomekwa kwenye ubao wa matundu. Taima yake ni ya aina ile ile, ila kioo itabidi kipate chipu yake ya kukiendesha.

Kioo nacho ni uamuzi mkubwa. Tarakimu za LED zinapendeza na zinasomeka gizani bila msaada, lakini kila tarakimu ina vijiti saba na kila kijiti ni taa. Hata ukiziwasha kwa zamu, mkondo wa jumla unakwenda makumi ya miliampia, na tumeshaona makumi ya miliampia yanatufikisha wapi. LCD haitoi mwanga, inauzuia au kuupitisha, na kwa umeme inaonekana kama kapasita ndogo, kwa hiyo inakula mikroampia chache. Sharti lake ni moja na halina msamaha: umeme wake lazima ubadilishe mwelekeo muda wote. Ukiipa umeme wa mwelekeo mmoja, kimiminika kilichomo ndani kinaanza kuchambuliwa na vijiti vinaharibika moja kwa moja. Kiendeshi cha ATmega169PA kinageuza mwelekeo chenyewe, kwa kufuata mapigo ya kristali, huku akili ya chipu imelala. Programu inaandika tarakimu mara moja na kuondoka.

Kristali yenyewe ni kipande cha kwatzi chenye umbo la uma wa meno mawili, ndani ya kopo dogo sana. Inatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo: ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara 15, kwa hiyo ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na pigo moja kwa sekunde, na kugawa kwa mbili ndiyo kazi rahisi kuliko zote katika elektroniki ya tarakimu. Kwenye chipu yangu, taima namba 2 inagawa kwanza kwa 128, inabaki 256 kwa sekunde. Taima hiyo inahesabu kuanzia 0 hadi 255 halafu inarudi sifuri. Kila inaporudi sifuri, sekunde moja imepita. Hapo inatuma katizo, yaani ishara ya kuamsha, akili ya chipu inaamka, inaongeza sekunde, inaangalia kama dakika imebadilika, inalinganisha na wakati wa kengele, inarudi kulala.

Kuna watu hukaa muda mrefu wakibana hapa. Wanaifanya chipu iamke kila baada ya sekunde kadhaa badala ya kila sekunde, wanapunguza mistari ya programu. Mimi naona si mahali pa kuumizia kichwa. Ikiwa macho kwa megahezi moja, chipu hii inakula kama theluthi ya miliampia, na kazi ya kila sekunde haifiki milisekunde moja. Ukigawanya kwa sekunde nzima, wastani wake hauzidi theluthi ya mikroampia. Nikiondoa huko siokoi chochote cha kuonekana, nami napenda nukta mbili za katikati ziwake na kuzima kila sekunde. Nukta zinazopiga zinaonyesha kwamba saa iko hai.

Ila hapo hapo kuna mtego ambao kila anayejenga saa ya namna hii anapaswa kuujua. Taima inakwenda kwa mapigo ya polepole ya kristali, akili inakwenda kwa mapigo yake ya haraka, na pande mbili hizo hazitembei pamoja. Baada ya kuamka, lazima pigo moja zima la kristali lipite kabla ya kulala tena, yaani mikrosekunde 30 hivi. Chipu ikilala mapema zaidi ya hapo, katizo linalofuata halitokei na haitaamka. Kwa megahezi moja, mikrosekunde 30 ni takriban amri 30 tu. Maana yake ni kwamba programu nzito itafanya kazi bila matatizo, na programu nyepesi, iliyoandikwa kwa uangalifu, ndiyo itakayokwama. Dawa imo kwenye mwongozo wa chipu: kabla ya kulala, andika thamani yoyote kwenye rejista (kichumba cha kumbukumbu) mojawapo ya taima hiyo, subiri bendera ya kuonyesha kwamba bado inaandikwa ishuke, ndipo ulale. Bendera ikishuka, pigo limepita. Ni mistari miwili tu.

Sasa tuje kwenye swichi, kwa sababu hapa ndipo umeme unapoibwa kweli kweli.

Saa yangu ina vitufe vitatu vya kubonyeza na swichi moja ya kusogeza, ya kuwasha na kuzima kengele. Nilitaka swichi ya kusogeza makusudi. Ukipapasa gizani kwa kidole unajua kengele imewekwa au haijawekwa, bila kuwasha taa na bila kusoma kioo. Kwa kawaida kitufe au swichi huunganishwa hivi: upande mmoja kwenye mguu wa chipu, upande wa pili kwenye ardhi (upande hasi wa betri), halafu ndani ya chipu unawasha resista inayovuta mguu kwenda juu. Ukibonyeza, mguu unashuka, chipu inajua. Kwa kitufe cha kubonyeza hakuna tatizo, maana mkondo unapita pale tu kidole kinapokuwa juu yake.

Lakini swichi ya kusogeza inabaki ilipoachwa. Kengele ikiwa imewekwa, swichi imefungwa usiku na mchana, na mkondo unapita usiku na mchana. Resista hiyo ya ndani ina kati ya kilo-omu 20 na 50. Kwa volti 3 hiyo ni mikroampia 60 hadi 150. Saa nzima, pamoja na kioo, haili kiasi hicho! Kwa mwaka, swichi hiyo iliyotulia pembeni ingekula kati ya mAh 526 na mAh 1,314. Haba na haba ya namna hii ndiyo inayomaliza kibaba.

Ulinganishe na taa ya kumulika kioo, ambayo kila mtu huiogopa kwa sababu inaonekana. Ni LED moja ya miliampia 5, inawaka sekunde tatu kwa kila bonyezo. Hata ukibonyeza mara kumi kila usiku, mwaka mzima unafika mAh 15. Kengele yenyewe, ikilia dakika moja kila siku kwa miliampia 3, inafika mAh 18. Vinavyong'aa na kupiga kelele vinakula kidogo. Mlaji mkubwa ni kile kinachokaa kimya saa 8,760.

Tiba ya swichi ni kutoiangalia muda wote. Mguu wake nauacha ukiwa umeshikwa chini na chipu yenyewe, hivyo swichi iwe imefungwa au imefunguliwa, pande zote mbili ziko sawa na ardhi na hakuna kinachopita. Mara moja kwa sekunde, wakati chipu iko macho kwa kazi yake ya kawaida, mguu unageuzwa kuwa wa kupokea, resista inawashwa, inasubiriwa mikrosekunde chache, hali inasomwa, mguu unarudishwa chini. Mkondo unaobaki haupimiki kwa mita ya kawaida.

Kanuni hiyo hiyo nimeipitisha kila mahali. Miguu isiyotumika haiachwi ikielea, kwa kuwa mguu wa kupokea ukikaa katikati ya juu na chini, transista mbili za mlangoni mwake zinapitisha mkondo kwa pamoja. Basi yote nimeishusha. Kipima volti cha ndani kimezimwa, kinawashwa kikihitajika. Kupima betri kwa resista mbili zilizounganishwa moja kwa moja nako nimekukataa: hata zikiwa za kilo-omu 100 kila moja, zinakunywa mikroampia 15 bila kupumzika. Badala yake chipu inapima rejea yake ya ndani ya volti 1.1 kwa kuilinganisha na betri. Rejea haibadiliki sana, betri inashuka, na kutokana na uwiano wao volti inajulikana bila kuongeza kifaa hata kimoja.

Na yote haya yapimwe, yasikisiwe. Mita ya bei nafuu mara nyingi haiaminiki kwenye mikroampia, ila ipo njia nyepesi. Weka resista ya kilo-omu 1 kati ya betri na saketi, na kapasita ya mikrofaradi 100 sambamba na chipu ili ilainishe yale mapigo ya kuamka kila sekunde. Kisha pima milivolti kwenye resista. Kila milivolti moja ni mikroampia moja. Unazima kitu kimoja, unasoma. Unawasha kingine, unasoma. Wakati wa kuwasha saa na wakati wa kujaribu kengele, ziba resista hiyo kwa waya, maana mkondo mkubwa ukipita hapo chipu itakosa volti. Hakuna sehemu ya kazi hii niliyoifurahia kama kutazama namba ile ikishuka.

Mlio unatoka kwenye kisahani cha piezo. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha kwamba baadhi ya fuwele, kwatzi ikiwemo, zikibanwa zinatoa umeme. Mwaka uliofuata wakathibitisha kinyume chake, kwamba zikipewa umeme zinajikunja. Jambo hilo moja linafanya kazi kwenye pande zote mbili za saa hii: kwatzi inayotetemeka kuhesabu sekunde, na kisahani kinachojikunja kuniamsha. Sijui kwa nini hilo linanigusa sana, lakini linanigusa.

Volti 3 kwa piezo ni chache. Badala ya kuunganisha waya mmoja kwenye ardhi, nyaya zote mbili zinakwenda kwenye miguu miwili ya chipu inayopishana: mmoja ukiwa juu mwingine uko chini, kisha zinabadilishana. Kisahani kinaona mabadiliko ya volti 6, na sauti inapanda bila betri ya ziada wala transista. Kila kisahani kina mlio wake kinaoupenda, vingi vikiwa kati ya kilohezi 2 na 4, na nje ya hapo sauti inadhoofika sana. Kwa hiyo niliandika programu ndogo inayopandisha mlio taratibu, nikasikiliza ni wapi unapasua masikio, nikauweka hapo. Kengele inaanza kwa mapigo membamba, ambayo ni ya sauti ndogo, na inaongezeka kadiri unavyoipuuza. Saa kumi na moja alfajiri hakuna sababu ya kumshtua mtu kwa sauti ya juu kabisa kuanzia pigo la kwanza.

Umeme ukishakuwa kidogo hivi, linabaki suala la kuaminika, na mimi naliona kubwa kuliko la umeme. Saa ya ukutani ikisimama unaiona imesimama. Saa ya kengele ikishindwa, unagundua umeshachelewa.

Betri ya alkali inapozeeka, ukinzani wake wa ndani unapanda. Kwa mikroampia 30 bado inaonekana nzima, volti ziko sawa, kioo kinasomeka. Tena kiendeshi cha LCD kina pampu yake inayopandisha volti za kioo, kwa hiyo tarakimu zinabaki nyeusi na safi hata betri ikiwa imechoka; uso mzuri wa saa hausemi lolote kuhusu hali ya betri. Kisha asubuhi kengele inaanza kulia, mkondo unapanda mara mia, volti zinaanguka, chipu inajizima. Betri inashindwa dakika ile ile inayohitajika.

Kwa hiyo betri inapimwa ikiwa na mzigo, na inapimwa jioni. Ukisogeza swichi kuweka kengele, saa inawasha taa ya kioo na kutoa mlio mfupi, na katikati ya mlio huo inapima volti. Zikiwa chini ya 2.2, inalia mara tatu na alama ya betri inawaka na kuzima usiku kucha. Ukiwa bado macho, unaweza kubadilisha betri au kutafuta njia nyingine ya kuamka. Wakati wa kengele umehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyofutika, kwa hiyo kubadilisha betri hakuupotezi. Wakati wa sasa ndio unaopotea, na hapo saa haijifanyi inajua: tarakimu zote zinawaka na kuzima mpaka mtu aiweke. Saa inayoonyesha wakati wa uongo kwa utulivu ni mbaya kuliko saa iliyozimika.

Lingine ni mwendo. Kristali ya kawaida inaweza kukosea sehemu 20 kwa milioni, yaani sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika moja kwa mwezi. Wapo wanaotumia DS3231, chipu ya saa inayojirekebisha kwa joto na kukosea sehemu 2 tu kwa milioni, na kwa asiyetaka usumbufu ni chaguo zuri. Mimi nimebaki na kristali tupu na kuirekebisha kwa programu. Iache saa itembee wiki nzima, uilinganishe na saa ya intaneti. Tuseme imetangulia sekunde 6. Wiki ina sekunde 604,800; gawanya kwa 6, unapata 100,800. Basi kila sekunde 100,800 zikihesabiwa, programu inaruka moja. Kosa lililobaki ni dogo kiasi kwamba wiki moja haitoshi kuliona.

Isipokuwa kwa joto. Kristali ya umbo la uma ina mwendo wake mzuri karibu na nyuzi 25 za sentigredi, na ukienda juu au chini ya hapo inachelewa tu, haitangulii. Kuchelewa kunakua kwa mraba wa tofauti: sehemu 0.034 kwa milioni, zidisha kwa tofauti ya nyuzi, zidisha tena kwa tofauti hiyo. Nyuzi 10 mbali ni theluthi ya sekunde kwa siku, wala husumbuki. Nyuzi 20 mbali ni sekunde 1.2 kwa siku, na hiyo kwa mwezi ni sekunde 35. Ndiyo kazi niliyonayo mezani sasa: kipima joto kidogo cha thamista (resista inayobadilika kwa joto), kinachopewa umeme na mguu wa chipu kwa muda mfupi kila baada ya dakika kumi, kisha kinanyang'anywa. Jedwali la masahihisho limeshaandikwa. Limebaki tundu kwenye kasha, upande ulio mbali na LED, ili thamista isome joto la chumba na si joto la taa.